Mwaka Tulioimba Kijapani Mchafukoge

Wiki mbili zilizopita niliingia duka moja la vitambaa Kariakoo kutafuta kitambaa cha mapazia. Mwenye duka, mwanamume wa Kiarabu mwenye ndevu zilizoanza kuota mvi, alikuwa anapima kitenge kwenye meza huku akiimba chini chini, midomo imefungwa. Nilisimama palepale. Sauti ile huisikii redioni wala harusini, na katika jiji zima hili wanaoijua nadhani tunatosha kukaa kwenye chumba kimoja. Nikamuuliza wimbo ule ameupata wapi. "Chekechea, mama," akanijibu bila kuinua macho. "Alitufundisha Mjapani mmoja, zamani sana, pale Mchafukoge." Kisha akainua macho, futi ya kupimia ikamponyoka mkononi. "Ticha Asha? Shikamoo, ticha!" Nikamwitikia marahaba, nikamwita kwa jina lake, Salimu, maana lile pengo kati ya meno yake ya mbele lilikuwa bado lipo kama alipokuwa na miaka sita. Alinivutia kiti, akanimiminia kahawa mwenyewe kutoka kwenye chupa, na wateja wakawa wanaingia na kutoka sisi tuko hukohuko kwenye mwaka ule. Akaniuliza kama Mwalimu Sachiko, Mjapani wetu yule, yu hai. Nikamwambia yu hai, goti ndilo linalomsumbua. Nilirudi nyumbani adhuhuri imeshapita, na kitambaa sikununua.

Nimefundisha watoto wadogo karibu miaka thelathini, sasa nimestaafu, na watu huniuliza nilianzaje. Huwa nawajibu kifupi tu kwamba nilianza kwa kusema uongo. Habari za wazazi wangu na ukoo nitaziacha, hazihusiki hapa. Inatosha kusema nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimefeli kidato cha nne, nakaa kwa shangazi yangu Kariakoo, na kila mgeni aliyeingia alikuwa akiniuliza, "Na wewe Asha sasa hivi unafanya nini?" Shangazi alikuwa fundi cherehani, na mmoja wa wateja wake alikuwa Mama Kusum, mama wa Kihindu aliyekuwa na shule ndogo ya chekechea Mchafukoge. Siku moja shangazi alinichukua tukampelekee blauzi zake. Mama Kusum alinitazama juu mpaka chini, akasema anatafuta msaidizi, kwa sababu mwezi ujao anakuja mwalimu wa nyimbo, Mjapani, na lazima awepo mtu wa kumtafsiria. "Kiingereza unakijua?" akaniuliza. Nikasema, "Nakijua vizuri sana, mama." Shangazi aligeuka akaangalia ukutani.

Shule ilikuwa ghorofa ya kwanza ya jengo la zamani, ngazi zake za mbao zinalia kila ukikanyaga. Chini kulikuwa na duka la vipuri vya magari, na harufu ya grisi ilikuwa inapanda mpaka darasani, ikikutana katikati ya ngazi na harufu ya chai ya Mama Kusum iliyojaa tangawizi na iliki. Chumba kilikuwa kimoja, kirefu, mikeka chini na madirisha manne yanayofunguka kwenye baraza inayotazama mtaani. Saa nne watoto walikunywa uji kwenye vikombe vya bati. Wengine walitoka kwenye maghorofa ya jirani, watoto wa Kihindu na wa Kiarabu wenye maduka, wengine mama zao walikuwa wakiuza mboga sokoni, na kama kumi hivi walikuwa wanatoka Jangwani kwa miguu. Mpaka leo nikisikia vikombe vya bati vinagongana, naona wale watoto wamekaa wamekunja miguu, midomo ina uji.

Mwalimu Sachiko alikuja mwezi wa kwanza. Mumewe alikuwa mhandisi kwenye ujenzi wa daraja huko bara, yeye kabaki Upanga peke yake, na kukaa bure kulimshinda. Alikuwa mwembamba, nywele fupi, na kabla ya kuanza somo na baada ya kumaliza alikuwa anawainamia watoto kama watu wazima, nao wakamwinamia mpaka vichwa vinagusa mikeka. Alikuja na kinanda kwenye mfuko wa bluu, na daftari kuukuu lenye jalada la kitambaa. Daftari lilikuwa la mama yake. Ndani yake zilikuwa nyimbo za watoto, zimeandikwa kwa mkono, za kuimbwa pamoja wakati wa *haru*. Hapo ndipo mtihani wangu ulipoanza. Kiswahili cha Mwalimu wakati ule kilikuwa maneno ishirini. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, na changu kilikuwa cha kuitikia kwa kichwa. Akasema *haru* kwa Kiingereza ni springi. Springi niliyoijua mimi ni ile ya kitanda, na zile nyeusi nene za magari zilizoning'inia duka la chini. Akaonyesha dirisha, akaonyesha kitu kinaanguka, kitu kinaisha, mtoto anamwita mwenzake. Mimi nikaitikia kwa kichwa. "Umeelewa?" akauliza. "Nimeelewa," nikasema. Mama Kusum alikuwa amesimama mlangoni anatusikiliza.

Nilitakiwa nilete maneno ya Kiswahili kesho yake. Mchana ule shangazi alinituma Feri kununua samaki, na pale katikati ya wachuuzi na wakaangaji nilimwona mzee mmoja amevaa kanzu nyeupe safi, kabeba samaki mkubwa aina ya changu kwenye ungo, na nakuapia nyuso zao zilifanana. Nikacheka njia nzima. Nilipofika nyumbani nikachukua kalamu. Sauti ya wimbo nilikuwa nimeishika, na maneno yakaja yenyewe yakakaa juu yake kama kofia iliyopimwa:

*Samaki wa Feri kaamka mapema,*
*kavaa kanzu kaja Kariakoo.*
*"Mama, nyanya bei gani?" akasema.*
*"Ingia sufuriani, nishike mwiko!"*

Watoto waliushika ndani ya nusu saa. Waliuimba kwenye ngazi, wakauimba sokoni, mama mmoja muuza nyanya akaniambia mwanawe anauimba hata usingizini. Mwalimu Sachiko alipiga kinanda macho yanang'aa, kwa sababu hakujua furaha yote ile ni ya nini ila kwamba wimbo wa mama yake umependwa. Kisha akafanya jambo lililonichoma. Alinitaka nimsomee maneno yangu polepole, akayaandika kwenye lile daftari, chini ya mwandiko wa mama yake, herufi moja moja, safi kama za mashine. Pale nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikusema. Wimbo wa pili nikautungia paka anayesubiri zamu saluni. Wa tatu sikumbuki vizuri, lakini ulikuwa na mbuzi.

Mwezi wa tatu Mwalimu alikuja na kinasa sauti. Mama yake, aliyewahi kufundisha chekechea miaka arobaini kwenye mji mdogo wenye theluji nyingi, alikuwa amelazwa hospitali na hawezi kuinuka kitandani. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu, asikie watoto wa Dar es Salaam wanavyoimba nyimbo zake kwa lugha yao, na aandikiwe maneno yao yanasemaje. Siku hiyo ya kujaribu kurekodi alimleta kijana mmoja wa kwao, mwanafunzi aliyekuja nchini kujifunza Kiswahili, ili amsaidie kuandika tafsiri. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, madirisha tumeyafunga, chumba kina joto. Watoto wakaimba Kijapani kwanza, wakaimba vizuri. Kisha wakaingia kwenye Kiswahili. Yule kijana alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaona anacheka peke yake na watoto, akaacha, akamwinamia Mwalimu akamwambia kitu kwa lugha yao, taratibu, kama mtu anayepeleka habari ya msiba.

Mwalimu Sachiko alinigeukia. Kufikia siku hizo Kiswahili chake kilishakuwa na maneno mia mbili au tatu, na aliyachagua. "Asha," akasema. "Wimbo wa mama yangu. Ni samaki?"

Nilitazama mikeka. Nikasikia anafunga kinanda, zipu ya mfuko wa bluu ikalia mwisho hadi mwisho, na alipofika mlangoni akageuka akawainamia watoto kama siku zote. Mimi sikuinamiwa.

Mama Kusum aliwapa watoto vitabu vya picha, akanivuta jikoni, akanimiminia chai. Nilidhani ananiaga. "Sasa, ile Kiingereza yako imekwenda wapi?" akauliza. Nikaanza kulia. "Usinililie mimi," akasema. "Mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Nilikuuliza kwa Kiingereza una miaka mingapi, ukanijibu 'ndiyo'." Nikamuuliza sasa alinichukua kwa nini. Akasogeza sufuria, akafuta meza iliyokuwa tayari safi. "Ulikuja na shangazi yako, ukakaa pale ngazini, dakika kumi tu, watoto sita wamekuzunguka. Nilitaka huyo. Nilijua Kiingereza tutakitafuta. Lakini wewe hukutafuta, Asha. Umemwacha yule mama aandike upuuzi kwenye daftari la mama yake. Nenda kwake."

Sikwenda siku hiyo, wala kesho yake. Mwalimu naye hakuja. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo, Jangwani kukajaa maji, watoto wa huko wakawa hawaji, na waliobaki waliniuliza kila asubuhi, "Ticha, Mwalimu Sachi anaumwa?" Siku ya tano nilivua viatu nikavishika mkononi, nikatembea na mwavuli wa shangazi mpaka Upanga. Alifungua mlango mwenyewe. Nikasema kila kitu palepale mlangoni, kwa Kiswahili chepesi, kama ninavyosema na watoto. "Mwalimu, mimi sijui Kiingereza. Sijui Kijapani. Niliogopa nitafukuzwa kazi. Maneno niliyatunga mimi. Nisamehe, mama yangu." Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda ndani akaniacha nimesimama, maji yananitiririka. Nikadhani ndiyo jibu. Akarudi na taulo, akalitandika sakafuni, akanionyesha nipanguse miguu.

Alikuwa anapika chakula cha mchana. Chumba chake kilikuwa na vitu vichache mno, meza fupi, mito miwili, picha ya nyumba iliyofunikwa na weupe mpaka kwenye madirisha. Akaweka bakuli mbili za wali ulioshikana, matango yaliyokatwa membamba kwenye siki, na sahani ya samaki wa kuchoma. Tukakaa chini. Akamwangalia yule samaki muda mrefu. "Samaki wa Feri," akasema. "Leo, hakuna kanzu." Nilimwangalia usoni nisijue nicheke au nilie, nikaona pembe ya mdomo wake inatetemeka, basi nikafanya yote mawili. Lakini tulipomaliza kula hakucheka tena. Aliniambia, kwa maneno ya kuokoteza, kwamba alikuwa ameshamwandikia mama yake mara mbili, akimweleza watoto wanaimba habari za dirisha na theluji. "Mimi nimemwambia uongo," akasema. "Mimi sikujua, lakini ni uongo." Nimeomba radhi mara nyingi maishani. Ile ndiyo mara ya kwanza niliyoomba nikijua hasa ninaombea nini.

Tukaanza upya siku ileile, na mchana wa siku tatu zilizofuata nilikuwa kwake. Hatukutumia Kiingereza. Alifungua friji, akakwangua ile barafu ya pembeni kwa kijiko, akaimwaga kiganjani mwangu. "Hii," akasema, "juu ya nyumba. Juu ya njia. Miezi minne." Akanionyesha mama yake alivyokuwa akiwafunga watoto mashuka na mablanketi, milango imezibwa, majirani hawaonani. Kisha barafu ikaanza kuyeyuka kiganjani mwangu, ikapita kati ya vidole, na yeye akaniangalia tu, akasubiri. Asubuhi moja mtoto anafungua dirisha, weupe haupo, anamwita mwenzake kwa jina. Huo ndio wimbo. Basi. Miezi mitatu niliuimba na sikujua kwamba ni mzuri kiasi kile.

Neno lenyewe ndilo lililotushinda. Kamusi ilisema majira ya kuchipua. Nikaenda kulijaribu darasani, na Salimu akanyoosha mkono, "Kuchipua nini, ticha? Mchicha?" Mama Kusum alisema kwa bibi yake Gujarat wanalo, na ni wakati wa kurushiana rangi, lakini hilo nalo halikuwasaidia watoto wa Kariakoo. Mwalimu alikuwa amesharudi darasani. Tulikuwa watatu tumekaa na daftari tunabishana, mvua inapiga bati la jirani, kisha ikapungua, kisha ikakatika kabisa. Jua likatoka saa tano. Na hapo ndipo jambo lilipotokea ambalo sisi wa hapa tunaliona kila mwaka bila kuliona. Mtaa mzima ulifungua madirisha. Mbele yetu, juu yetu, upande wa pili, mbao zinagonga ukuta moja baada ya nyingine. Magodoro yakatoka kwenye baraza, mashuka, zulia, mito, nguo za wiki nzima. Wanawake waliokuwa hawajaonana tangu mvua ianze wakaitana kutoka ghorofa hadi ghorofa, "Jamani mpo? Mmesalimika?" Muuza karanga akapita anapiga kelele kama kafunguliwa jela. Mwalimu Sachiko alisimama akaenda barazani, akashika ukingo kwa mikono miwili. Nikamfuata. "Asha," akasema, "hii. Hii ndiyo *haru*."

Tukaandika hivi, na kila neno alinitaka nimweleze mpaka aridhike:

*Fungua dirisha, mvua imekatika,*
*jua limerudi, mlango uko wazi.*
*Niite kwa jina, nami nitaitika,*
*twende tukacheze, leo hakuna kazi.*

Aliuandika kwenye daftari. Maneno ya samaki hakuyafuta, aliyaachia ukurasa wake. Mwezi huohuo Mama Kusum alinipeleka kujiandikisha kurudia mtihani, na kila jioni watoto wakishaondoka alinikalisha jikoni na kitabu cha Kiingereza, chai upande huu, rula upande ule. Ukiniuliza leo nilikuwa na furaha lini maishani, nitataja harusi yangu na wanangu kama inavyopasa, lakini moyoni nitakuwa nimeliona kwanza jiko lile, na mimi nimekaa nasema kwa sauti, bila aibu, "Hili silijui, mama. Hili pia silijui."

Siku ya kurekodi tuliwaita wazazi. Walikuja na wabibi na wadogo zao, wengine wakasimama mpaka kwenye ngazi. Watoto wa Jangwani walikuwa wamerudi wote. Mwalimu akabonyeza kitufe, kaseti ikaanza kuzunguka, wakaimba Kijapani, kisha wakaimba habari za dirisha na mvua, sauti zimepangika, wamama wengine wanajifuta macho. Wimbo unatakiwa urudiwe mara mbili. Kinanda kikarudi mwanzo, nikainua mkono kuwaashiria, na kabla sijaushusha, Salimu, kutoka safu ya mbele, kwa sauti ya mwadhini, akafungua kinywa: "*Samaki wa Feriii...*" Wenzake wote wakamfuata kwa mpigo mmoja. Nilitikisa kichwa, nikatikisa mikono, wakadhani ninawapa hamasa. Nikamgeukia Mwalimu. Vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya kinanda, hewani, kidogo tu. Kisha vikashuka palepale panapotakiwa, na yeye, ambaye miezi yote ile alikuwa anapiga bila kuimba Kiswahili, akaimba. Aliyajua maneno yote. Chumba kikalipuka kwa vicheko. Mama Kusum alijifunika uso kwa sari, mabega yanamtikisika, na wababu waliokuwa ngazini wakadakia mstari wa sufuria na mwiko kama wamezaliwa nao.

Walipoondoka nilimwambia turudie, kanda ya pili ipo. Nilikuwa tayari kuwakusanya watoto kutoka majumbani. Yeye akaitoa kaseti, akaigeuza, na kwa kucha ya kidole gumba akavunja vile vipande viwili vya plastiki vya juu, vile ambavyo vikishavunjwa hakuna anayeweza kurekodi tena juu yake. Akaitia kwenye bahasha.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita hivi. Mwalimu aliingia nalo darasani wakati wa uji, akakaa mkekani katikati ya watoto, akalifungua hapohapo. Mwandiko ulikuwa ule wa kwenye daftari, ila umelegea, mistari inapanda na kushuka. Alisoma kimya kwanza, mkono mdomoni, nasi tukangoja. Kisha akatusomea kwa Kiswahili chake. Mama yake ameisikiliza kanda, wauguzi nao wamekuja kuisikiliza. Alipoambiwa maneno ya dirisha, aliomba kitanda chake kisogezwe dirishani, na kimesogezwa. "Halafu anauliza," Mwalimu akasema, akageuza karatasi aone vizuri. "Anauliza, yule samaki. Je, alipata nyanya?"

Watoto wakaangaliana. Lilikuwa swali zito na hakuna aliyewahi kulifikiria, hata mimi mtunzi. Hetal, binti wa mwenye duka la vipuri, akasema hakupata, alirukia dirishani akakimbilia Feri. Salimu akasema wapi, alipata, tena akapewa na ndimu juu. Darasa likagawanyika, uji ukaanza kupoa. Mwalimu Sachiko akafungua daftari la mama yake kwenye ukurasa mtupu, akaliweka magotini mwangu, akanipa kalamu.

"Andika, Asha," akasema. "Pole pole. Na kila neno, niambie."